Kuunganisha Hisabati na Sayansi shule ya msingi: mwalimu tarajali aanzie kwenye kupima

Walimu tarajali, yaani wanachuo wa ualimu, wengi wakiagizwa kuunganisha Hisabati na Sayansi huandaa kipindi cha namna hii: picha ya ng'ombe watano na mbuzi watatu, wanafunzi wanajumlisha, kisha wanaulizwa ni mnyama gani kati yao hula majani. Andalio la somo linapendeza, ila hakuna kilichoungana. Ukiwatoa ng'ombe ukaweka viti, hesabu ni ileile. Ukiifuta hesabu, somo la wanyama halipungukiwi na kitu. Hicho ndicho kipimo tunachowashauri wakufunzi na walimu wanaowapokea wanachuo shuleni wakitumie: ondoa namba uone kama hitimisho la kisayansi bado linasimama, kisha ondoa sayansi uone kama namba bado zina maana. Kila upande ukisimama bila mwenzake, mwanachuo aandae upya.

Si kila mada inafaa kuunganishwa. Kugawanya kwa njia ndefu kufundishwe peke yake, na sehemu za ua hazihitaji hesabu ya kulazimisha. Mwanachuo alaze maazimio ya kazi (mpango wa mada za kila wiki) ya masomo yote mawili mezani, atafute wiki ambazo mada zinakutana: vipimo na hali ya hewa, asilimia na matumizi ya maji, grafu na joto. Muhula mmoja ukimpa vipindi viwili au vitatu vya kweli, vinatosha.

Mahali pa uhakika pa kuanzia ni kupima, kwa sababu anayepima hawezi kukwepa somo lolote kati ya hayo mawili. Tuchukue mvua, jambo ambalo wakulima wa kahawa na migomba wa Meru na Kilimanjaro wanalizungumzia kila masika.

Kipima mvua kinatengenezwa kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, isiyo na mikunjo. Kata pale chupa inapoanza kusinyaa kuelekea shingoni. Toa kifuniko, geuza kipande cha juu kiwe faneli, kitumbukize ndani, kingo zilingane, uzibe kwa gundi ya utepe. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo tia changarawe kidogo na maji hadi changarawe zizame zote na maji yafike pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo chora mstari wa sifuri. Kiwekwe uwanjani, mbali na jengo au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji.

Kazi inaharibika sehemu tatu, na mwalimu tarajali anatakiwa azijue kabla ya watoto. Ya kwanza ni rula: rula nyingi zina nafasi ya milimita kadhaa kabla ya alama ya sifuri, na mtoto akiusimamisha ukingo wa rula kwenye mstari anasoma mvua pungufu. Ya pili ni maji ya sifuri, ambayo hukauka siku za jua. Yasipojazwa tena hadi mstarini, sehemu ya mvua inayofuata inaishia kufidia yaliyopotea. Ya tatu ndiyo nzito kihisabati. Mwanachuo akikosa chupa nyoofu hutafuta faneli pana na kuiweka juu ya chupa nyembamba. Tuseme mdomo wa faneli una kipenyo cha sentimita 10 na chupa sentimita 5. Kina cha maji kitakuwa mara 4 ya mvua iliyonyesha, wala si mara 2 kama wengi wanavyojibu, kwa kuwa kinachokusanya mvua ni eneo, na eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo. Mwalimu asiyeliona hilo atawaambia watoto imenyesha milimita 40 siku iliyonyesha 10.

Kisha namba ipewe maana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Watoto wasipewe sentensi hiyo waikariri, waione. Chukua trei ya kuokea yenye pembe nne na kitako bapa, tuseme sentimita 50 kwa 40. Mimina lita 1, upime kina: kinakaribia milimita 5. Eneo la trei ni sentimita za mraba 2,000, na lita 1 ni sentimita za ujazo 1,000, kwa hiyo kina ni nusu sentimita. Mtoto aliyeona hivyo anaweza kupanda juu ya bati kwa akili yake. Paa linalofunika mita 8 kwa 5, mvua ya milimita 12, ni lita 480, sawa na ndoo 24 za lita 20. Yanayofika kwenye tangi ni pungufu, maana mengine hurukia nje, huvuja kwenye mfereji au hukauka juu ya bati. Tukikadiria asilimia 80, zinabaki lita 384. Hapo asilimia imekuwa maji ya kunywa.

Kosa linalojirudia kwenye zoezi hili ni kupima urefu wa bati lenyewe. Nyumba ya upana wa mita 5 yenye paa la migongo miwili inaweza kuwa na bati la mita 3 kila upande. Anayetumia mita 6 kwa 8 anapata lita 576, yaani lita 96 ambazo hazikunyesha. Mvua inayoanguka wima inahesabiwa kwa eneo la ardhi ambalo paa limelifunika, hata bati lingeinama kiasi gani. Mwache mwanafunzi abishane na mwenzake juu ya jambo hili. Mabishano yenyewe ni sayansi na hisabati kwa pamoja.

Wanachuo wawili waliopangiwa shule tofauti, mmoja Marangu na mwingine tambarare kusini mwa mji wa Moshi, wanaweza kubadilishana namba zao kwa simu kila Ijumaa. Hewa yenye unyevu ikipanda mlima hupoa, mvuke unageuka matone, na ndiyo maana miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko nyanda za chini yake. Grafu mbili za nguzo kwenye ubao mmoja zinaleta zenyewe swali la kwa nini mvua zinatofautiana.

Kuna namba moja inayowaaibisha walimu wapya bila sababu. Vitabuni maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selisiasi. Mwalimu anachemsha maji Arusha, kipimajoto kinagota karibu na 95, naye anawaambia wanafunzi kimeharibika. Kipimajoto ni kizima. Namba 100 ni ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa (nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo) hupungua na maji huchemka mapema, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400, kwa hiyo tegemea nyuzi 95 na kidogo. Moshi, ulio chini ya mita 1,000, tegemea karibu 97. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu nyuzi 80. Mwambie mwanachuo akokotoe kwanza, aandike matarajio yake, ndipo awashe jiko. Asiyejua namba ya kutegemea hana namna ya kutofautisha kosa na ugunduzi.

Zoezi hili lifanywe na mwalimu, watoto wakikaa mita 2 kutoka kwenye jiko. Tumia nusu lita ya maji kwenye jiko dogo la gesi, maana mkaa utakula kipindi chote. Kipimajoto kiwe cha maabara chenye kilevi kinachofika nyuzi 110, kisiguse kitako cha sufuria. Kipimajoto cha homa hakifai kabisa, kitapasuka. Mwalimu asome kwa sauti kila dakika, watoto wachore grafu ya mstari. Mstari utapanda, kisha utalala. Ukishalala, uliza: nikiongeza moto, joto litapanda zaidi? Wengi watasema ndiyo. Ongeza moto, na mstari utaendelea kulala, kwa kuwa nishati ya ziada inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke.

Kwa darasa la sita au la saba, somo hilo linafungua jambo linalowagusa watu wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, ambako maji ya vyanzo vingi yana floridi nyingi, madini ambayo yakizidi hugeuza meno kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wapo wanaodhani kuchemsha kunaiondoa. Tuhesabu: lita 2 zenye miligramu 2 kwa lita zina miligramu 4. Zikichemka hadi kubaki lita 1.6, mvuke umeondoka na floridi imebaki, kwa hiyo sasa ni 4 kugawanya kwa 1.6, sawa na miligramu 2.5 kwa lita. Vijidudu vimekufa, lakini floridi imekolea. Tunamsihi mwalimu tarajali jambo moja hapa: asimsimamishe mtoto mwenye meno ya kahawia kuwa mfano, wala asiwahesabu. Wapo darasani, wanasikia.

Kivuli cha kijiti nacho ni zoezi zuri, rahisi na lisilo na gharama, ila wengi hutegemea kivuli kifupi kabisa saa 6 kamili mchana. Saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, wakati Arusha na Moshi ziko magharibi yake, karibu na 37, hivyo jua hufika juu kabisa nusu saa hivi baadaye. Pima kila baada ya dakika 10, kuanzia saa 6 hadi saa 7 na robo.

Sasa maandalizi chuoni. Kila mwanachuo afanye jaribio lote mwenyewe, kwa vifaa vilevile atakavyotumia, angalau siku mbili kabla ya kufundisha, na karatasi yenye vipimo vyake iambatane na andalio. Kisha awafundishe wenzake wakijifanya darasa, na mmoja wao apewe kazi ya kutoa majibu yenye makosa tuliyoyataja. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kupima, kuchora na kujadili, hivyo aombe vipindi viwili vifuatane au amalize kupima leo na kuchora kesho kwenye Hisabati. Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe vikundi 10 vya watu sita, kila mmoja na kazi yake: kushika, kusoma, kuandika, kuhakiki, kukokotoa, kueleza. Vikundi viwili vikipata namba tofauti, asichague iliyo sahihi kwa macho. Avirudishe vikapime tena.

Katika kusahihisha, alama za Hisabati na za Sayansi zitenganishwe. Yupo atakayepata lita 480 bila kujua kwa nini tangi halikupokea zote, na yupo atakayeeleza vizuri mfereji unaovuja huku amezidisha vibaya. Alama moja ya jumla inawaficha wote wawili, na mwalimu hajui amfundishe nani nini kesho yake.

Mkufunzi anayekwenda kukagua mazoezi ya kufundisha aanze kwa kuomba karatasi ya jaribio la mwanachuo mwenyewe. Isipokuwepo, kipindi kisogezwe mbele hadi jaribio lifanyike.