Wekundu wa rozela si damu

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu imepungua, jirani wa kwanza kusikia humletea rozela. Anachemsha maua makavu, maji yanaiva mekundu kama mvinyo, anaweka sukari, na wote wanaamini damu inarudi.

Rangi ile ni ya ua tu. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, ambayo mwili huitengeneza kwa madini ya chuma. Tena kama chai, rozela ina viambato vinavyoweza kuzuia chuma kisifyonzwe vizuri, hasa ikinywewa pamoja na chakula. Inywe kwa utamu wake, lakini isishike nafasi ya vidonge vya kuongeza damu! Kwa kinga, mjamzito hupewa miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, pamoja na foliki asidi. Wengi huviacha kabatini kwa sababu vinachafua tumbo na choo kinakuwa cheusi; weusi huo ni wa kawaida.

Jikoni, tafuta maini (mjamzito ale kwa kiasi), dagaa, maharage. Kamulia limau kwenye mchicha ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai isubiri saa moja baada ya kula. Na upimwe malaria na minyoo, maana navyo hupunguza damu.