Mwezi mpevu hauwachachamazi wagonjwa wa akili

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya WhatsApp ya Arusha na Moshi: eti mwezi ukiwa mpevu wagonjwa wa akili huchachamaa, hivyo wauguzi wa wodini wajihadhari usiku huo. Si kweli. Wodi yenyewe inaweza kuhakiki: chukua daftari la matukio la miezi 12, linganisha na kalenda ya mwezi. Vurugu hufuata zaidi mambo ya kawaida, kama saa ya dawa, kubadilishana zamu, au mgonjwa kukataliwa ombi. Tunachanganyikiwa kwa sababu usiku wa mbalamwezi wenye fujo hukumbukwa. Uliopita kimya, nani anaukumbuka?

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unawatia doa wagonjwa, ambao wengi wao hawamdhuru mtu, na unamlegeza muuguzi siku 28 nyingine.

Dalili za kuangalia zipo: kutembea huku na huko, ngumi zilizokunjwa, sauti inayopanda. Hapo simama umbali wa mikono miwili, kiubavu kidogo, karibu na mlango bila kumzibia mgonjwa njia. Ongea taratibu. Mwenzako ajue ulipo. Na kitambulisho cha kamba shingoni kivue mapema. Kamba hiyo ikivutwa, inakaba.