Nani agawiwe nini? Kampuni kubwa ya mawakili ya Marekani kwa ndani

Kampuni kubwa ya mawakili ya New York haiuzi hisa, wala huwezi kuinunua hata ukiwa na mabilioni. Kanuni za maadili za karibu majimbo yote ya Marekani zinamkataza asiye wakili kumiliki sehemu ya kampuni ya uwakili au kugawana nayo ada. Arizona ililifuta katazo hilo kuanzia 2021, lakini imebaki karibu peke yake. Kanuni hizohizo zinakataza pia kumfunga wakili kwa mkataba asiondoke kwenda kushindana na ofisi yake ya zamani. Akihamia jirani kesho asubuhi, mteja ana hiari ya kumfuata, na hakuna mahakama itakayomzuia.

Kwa hiyo mali ya kampuni ya namna hii ni watu, na watu hao wanaweza kuondoka wakati wowote. Swali linaloiweka hai au kuiua ni moja: faida ya mwaka igawanywe vipi ili wabia, yaani mawakili wanaoimiliki kampuni kwa pamoja, wasihame?

Mfano unaofaa ni Cravath, Swaine & Moore. Ofisi hii inahesabu umri wake tangu 1819. Mmoja wa waliopitia humo katika karne ya 19 ni William Seward, aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Lincoln na kusimamia ununuzi wa Alaska kutoka Urusi mwaka 1867. Lakini aliyeipa umbo ni Paul Cravath, aliyejiunga nayo 1899. Kijana huyu alikwisha kujijengea jina kwa kumtetea mwenye viwanda George Westinghouse dhidi ya mvumbuzi Thomas Edison katika vita vya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya balbu ya umeme. Hataza ya Edison ilithibitishwa mahakamani, yaani upande wa Westinghouse ulishindwa, na bado jina la wakili wake lilipanda. Kesi za aina hiyo zilihitaji jeshi la mawakili wanaofanya kazi kwa mpangilio. Wakati ule ofisi nyingi zilikuwa na mawakili wachache tu, na vijana waliokaa humo kujifunza mara nyingi hawakulipwa.

Cravath aliubadilisha utaratibu. Aliajiri wahitimu bora moja kwa moja kutoka vyuo vya sheria, akawalipa mshahara, akawaweka chini ya mbia mmoja kwa muda maalumu kisha akawahamishia kwa mwingine. Kijana hakutupiwa kesi nzima ajitafutie njia. Alioneshwa kesi kubwa ikivunjwa vipande, naye akabidhiwe kipande kimoja akimalize. Baada ya miaka kadhaa uamuzi ni mmoja kati ya miwili: unakuwa mbia au unaondoka. Wanaokuwa wabia ni wachache mno, na wanaoondoka wengi huenda kuwa wanasheria wa ndani wa makampuni, ambako huja kuwa wateja wa ofisi waliyotoka. Kumtoa mtu bila ugomvi, kwa hesabu hiyo, ni kupanda mbegu. Utaratibu huu ulienea hadi kampuni karibu zote kubwa, na bado unaitwa kwa jina lake.

Kuhusu faida, Cravath ilishika kanuni ya ngazi ya pamoja. Wabia walioingia mwaka mmoja walipata mgawo sawa, na mgawo ulipanda kwa miaka ya utumishi. Aliyeleta mteja mnono hakumzidi mwenzake aliyeshinda maktaba. Uzuri wake ni kwamba mbia hana sababu ya kumficha mteja. Kesi inapelekwa kwa anayeijua zaidi. Kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya kompyuta ya IBM kwa madai ya kuhodhi soko ilifunguliwa Januari 1969, na Cravath iliitetea hadi serikali ilipoiondoa yenyewe Januari 1982. Miaka 13 kwa mteja mmoja, na nakala ya mwenendo iliyopita kurasa 100,000. Kazi kama hiyo ni ngumu kuibeba mahali ambapo kila mtu anahesabu kilicho chake.

Udhaifu wake ulionekana majarida ya kisheria yalipoanza, miaka ya 1980, kuchapisha faida ya wastani kwa kila mbia. Mtu alijua sasa jirani anapata nini. Kampuni zilizolipa kwa “unakula ulichowinda”, yaani kila mbia kwa kadiri ya kazi anayoileta, zikaanza kuwarubuni wabia nyota wa kampuni za ngazi. Cravath ilishikilia kwa miongo, kisha mwishoni mwa 2021 ikatangaza kuilegeza kanuni yake ili utendaji wa mtu uhesabiwe pia.

Fedha zenyewe zinatoka wapi? Kutoka kwenye tofauti kati ya mshahara wa wakili mwajiriwa na ada anayotozwa mteja kwa kazi yake. Tangu mwishoni mwa 2023, mwajiriwa wa mwaka wa kwanza katika ofisi za daraja hilo huanza na dola 225,000 kwa mwaka, na wa mwaka wa nane hupata dola 435,000, bila bonasi. Tuchukue bei ya kufikirika ya dola 700 kwa saa. Akitoza saa 2,000 kwa mwaka, ankara zitafika dola 1,400,000. Mteja akipewa punguzo na kulipa asilimia 85, zinabaki 1,190,000. Toa mshahara, bonasi, pango la Manhattan, bima, makatibu na kompyuta. Kinachobaki ni cha wabia. Kadiri waajiriwa wanavyokuwa wengi kwa kila mbia, ndivyo mgawo unavyonona, na ndivyo pia kazi ikipungua hasara inavyokuja haraka.

Saa 2,000 si mchezo. Ukiondoa wiki nne za likizo na sikukuu, ni karibu saa 42 za kutoza kila wiki. Mikutano ya ndani, mafunzo na kula havitozwi, hivyo mtu anakaa ofisini saa 55 au zaidi.

Muda hugawanywa vipande vya dakika sita, yaani sehemu ya kumi ya saa. Maandishi mazuri ya kazi husomeka hivi: “0.4: simu na mwanasheria wa mteja kuhusu kifungu cha 9 cha mkataba wa mkopo. 1.2: kurekebisha kifungu hicho.” Mabaya husomeka: “7.5: kazi za mkopo.” Wateja wakubwa hukataa kulipa mstari wa namna ya pili, na majaji nao huupunguza wanapokadiria gharama za kesi. Kosa jingine ni kuandika saa siku ya Ijumaa kwa kukumbuka: nyingine husahaulika na kampuni ikapoteza, nyingine huongezwa kwa makisio na huo ni mwanzo wa udanganyifu.

Kabla ya kumpokea mteja, jina lake, kampuni tanzu zake, wakurugenzi wake na wapinzani wake huingizwa kwenye mfumo wa kukagua mgongano wa maslahi. Kwa kawaida mgongano wa wakili mmoja ni wa ofisi nzima, hata kama mmoja yuko London na mwingine Washington. Ndiyo maana kampuni kubwa hukataa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingine suluhisho ni ridhaa ya maandishi ya wateja wote wawili baada ya kuelezwa hatari yenyewe, na ridhaa ya mdomo haitoshi.

Sasa anguko. Dewey & LeBoeuf ilizaliwa Oktoba 2007 kwa muungano wa ofisi mbili za zamani za New York, ikawa na mawakili zaidi ya 1,000. Ili kuwavuta na kuwashika nyota, wabia wengi waliahidiwa malipo ya kiwango maalumu, faida ipatikane isipatikane. Msukosuko wa 2008 ukapunguza kazi. Ahadi zikabaki palepale, zikazibwa kwa mikopo na hatifungani. Wasioahidiwa chochote walipoona fungu lao linalipa madeni ya wenzao, wakaanza kuondoka, kila mmoja na wateja wake, na kila aliyetoka akapunguza mapato ya waliobaki. Mei 2012 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Wabia wa zamani wakatakiwa kurudisha sehemu ya walichokwisha kulipwa.

Wengi walinusurika kupoteza nyumba zao kwa sababu ya ubia wenye dhima yenye ukomo, mfumo ulioanzia Texas mwaka 1991 baada ya mabenki ya akiba kuporomoka na mawakili wao kushtakiwa. Kabla yake, deni la ubia lilimfuata kila mbia hadi mfukoni.

Kwa Mswahili aliyeko Marekani, ofisi hizi hukutana naye zaidi katika kesi za hifadhi ya kisiasa. Kanuni za mfano za chama cha mawakili zinahimiza kila wakili atoe saa 50 kwa mwaka bila malipo, na kesi za waomba hifadhi ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Usibishe hodi Manhattan moja kwa moja. Kesi hupitia mashirika ya msaada wa sheria, yanayokuhoji kwanza na kuipeleka kesi yako kwa kampuni yenye nafasi. Ombi la hifadhi linapaswa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu ulipoingia nchini, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika. Kupata wakili kunaweza kuchukua miezi, basi anza mapema. Katika mahakama ya uhamiaji serikali haikupi wakili wa bure. Na mthibitishaji wa nyaraka si wakili, hata akiwa na muhuri mkubwa kiasi gani. Tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili ya jimbo mtandaoni kabla ya kumpa hata senti.