Barabara kuu si lami

Tangu njia ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera iwekwe lami, stendi na mitandaoni husikii lingine: "Siku hizi imekuwa barabara kuu." Hapana. Ilikuwa barabara kuu hata pale basi lilipokuwa likifika limejaa vumbi hadi kwenye viti.

Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu ni ile inayounganisha makao makuu ya mikoa, au inayoyaunganisha na mji mkubwa au bandari ya nchi jirani. Ya mkoa huiunganisha wilaya na makao ya mkoa au na barabara kuu. Hizo mbili ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya zilikabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Lami haimo katika maana hiyo.

Na njia ya Mtera ukuu wake ni wa tangu enzi za Mwingereza. Ni kipande cha ile njia iliyokusudiwa kutoka Cape, Afrika Kusini, hadi Cairo, Misri: ukitoka Iringa unateremka mlima Nyang'oro hadi bonde la Ruaha Mkuu, unapita Migori, Mtera, Chipogolo, Fufu na Mlowa hadi Dodoma, kisha Kondoa, Babati na Arusha. Kilichoinyima lami ni siasa za kusini. Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Zambia ilikuwa ikipitishia mizigo yake, ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikahitaji haraka njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Lami ikapelekwa njia ya Morogoro na mlima Kitonga, malori yakaifuata. Bwawa la Mtera likajengwa, maji yakawa yanatunzwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, magari yakapita juu ya tuta lake, na bado kabla na baada ya tuta ilikuwa changarawe. Haikushushwa hadhi hata siku moja.

Kosa hili lina gharama, ndiyo maana linaniuma. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, iwe ya lami au ya vumbi. Aliyeiona ya vumbi akadhani ni njia ya kijiji, akajenga kibanda chake hapo, ndiye anayekuta alama ya X nyekundu ukutani, ya kumtaka abomoe.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiisifia safari ya Mtera, sema imewekwa lami. Na ule mtaa wa Area C, pale Dodoma mjini, wenye lami nzuri, uite mtaa.