Barua ya kukatwa mshahara kwa deni la chuo: ifungue leo leo

Ndugu zangu mliosoma huku Marekani kwa mkopo wa serikali ya shirikisho, tuongee kuhusu ile bahasha. Mimi ni mshauri wa madeni, na kila mara anakuja mtu na bahasha imekaa wiki kadhaa juu ya friji, tukiifungua naangalia tarehe kwanza kabla hata ya kiasi, nakuta siku zimeshapita. Inaniuma kweli.

Iko hivi. Ukikaa siku 270 bila kulipa, mkopo unaingia difolti, yaani unahesabika umeshindwa kuulipa, na hapo Wizara ya Elimu inaweza kumwandikia mwajiri wako akukate mpaka asilimia 15 ya kinachobaki baada ya kodi na bima ya afya, bila kwenda mahakamani kabisa. Kama kwa wiki mbili unabaki na dola 1,200, basi 180 zinaondoka hujaziona. Mikopo ya benki binafsi ni tofauti, wao lazima wakushtaki kwanza.

Lakini watu wa Wizara lazima wakupe notisi ya siku 30, na hizo siku ndo nguvu yako. Ukiomba kusikilizwa, kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua, hawakati mpaka uamuzi utoke. Ukichelewa watakusikiliza ila makato yanaendelea. Unaweza kusema deni ulishalipa, au makato yatakuacha huna cha kulisha watoto, na hapo peleka ushahidi: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, risiti za dei kea. Na kama ulipunguzwa kazini na kazi mpya hujatimiza miezi 12 mfululizo, sema, sheria inakulinda. Umehama? Badilisha anwani kwao mapema, maana notisi inaenda kwenye anwani waliyonayo.

Makato yakishaanza bado kuna njia ya kuutoa mkopo kwenye difolti, mnakubaliana na Wizara malipo 9 ndani ya miezi 10 kulingana na kipato chako, ila hela wanayokata kazini haihesabiki humo kwa hiyo kwa muda utakuwa unalipa mara mbili, ni ngumu najua, baada ya malipo 5 makato yanaweza kusimamishwa. Hii huduma ni bure, anayekudai ada ya kukuombea mkimbie.

Na tafadhali msiache kazi kwa aibu ya watu wa mishahara kujua. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya makato haya.