Utumwa wa Pwani: Fidia, "Upole" na Karatasi Zilizo Kabatini Mwako

Kila inapokaribia Agosti 23, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya watumwa, dawati letu la elimu hapa Mombasa hujaa maswali. Tunayapokea kwa moyo mkunjufu, hata yale ya fidia, ya wanaouliza malipo ya babu zao waliokuwa watumwa yako wapi, ambayo tumeyajibu mpaka tumechoka.

Tuseme tena. Sheria ya 1907, iliyoondoa utumwa kisheria katika ukanda wa Pwani, iliwalipa wenye watumwa. Bwana ndiye aliyepeleka dai na kuthibitisha kuwa mtu yule alikuwa wake. Aliyeachwa huru hakupata kitu. Kwa hiyo hakuna malipo ya babu yako yaliyokaliwa ofisini, na anayekutoza ada ili "ayafuatilie" ni tapeli. Piga ripoti polisi.

Kisha kuna wanaotuambia utumwa wa kwetu ulikuwa wa upole. Kweli, mzalia (mtumwa aliyezaliwa hapa Pwani) aliyeaminika aliweza kuongoza msafara. Lakini hakuoa bila idhini ya bwana, na ujira wake wa upagazi au uhamali ilibidi agawane na bwana aliyekaa barazani Mji wa Kale. Hao waliotorokea Fuladoyo, kijiji cha watumwa watoro, walikimbia upole gani? Januari 1, 1889, pale Rabai, watoro karibu 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kukubali kuwalipa mabwana zao. Hata hapo, aliyeshika pesa ni bwana.

Na bwana naye? Jambo hili familia nyingi hulisema kwa kunong'ona. Mashamba ya Malindi yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, lakini mwenye shamba aliona jembe ni aibu, na wanawe wakakua hivyo hivyo. Shamba liliwekwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Watumwa walipoondoka, ardhi ikarudi kuwa pori na deni likabaki palepale. Nyumba ikabaki na jina kubwa, na watu wasiojua kupanda hata muhogo.

Tukisema hivyo, wengine hudhani tunasawazisha hasara ya bwana na ya mtumwa. La. Mmoja alinyang'anywa ukoo, jina na mwili wake. Mwingine aliharibiwa na mazoea aliyojichagulia. Hata sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimfaa mwenye kuweza kuleta dai lake. Mahuru (watumwa walioachwa huru) wengi waliolima miaka na miaka hawakuwa na karatasi, wakaishia kuitwa maskwota. Kuhusu mashamba yaliyo mahakamani sasa, ofisi yetu haina la kusema.

Ila karatasi tunazitaka. Ukiwa na hati ya uhuru au hati ya rehani ya zamani, usiipige plastiki ya moto. Hivi karibuni tuliletewa moja iliyopigwa hivyo: wino wa Kiarabu umeganda kwenye plastiki, karatasi imebaki nyeupe. Itie katika bahasha ya karatasi, uje na kitambulisho, ujaze fomu. Tunaipiga picha mbele yako na unarudi nayo nyumbani. Ukichimba msingi ukakuta mnyororo, shanga au kaburi la kale, simamisha kazi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakupa siku saba kutoa taarifa. Kusafirisha kitu hicho nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai, hata kama kimetoka chini ya jiko lako mwenyewe.