Mtoto wa mbwa nyumbani: maswali ya wiki za mwanzo

Anapoingia mlangoni ni vicheko vitupu, kila mtu anataka kumbeba. Usiku mambo hubadilika: analia, amekojolea zulia, na kuna mtu ameshaanza kuuliza ni nani aliyetoa wazo hili. Maswali yaliyo hapa chini ni ya siku hizo. Mengine yanamhusu mbwa, mengine yanawahusu watu wa nyumba, ila mpaka kati yake ni mwembamba. Kinyesi chake kinagusa afya ya mtoto anayetambaa, na mikono ya mtoto huyo ndiyo inayomwonyesha mbwa kama binadamu ni wa kuaminiwa au wa kuogopwa.

Tumeahidiwa mtoto wa mbwa wa wiki tano. Mwenyewe anasema ameshaacha kunyonya. Tumchukue?

Subirini afikishe wiki 8. Kujilisha ni jambo moja tu kati ya mengi anayohitaji. Kuanzia wiki ya tatu hivi huwa anacheza na ndugu zake, na humo ndimo anamojifunza kupima nguvu ya meno yake: akimuuma nduguye kupita kiasi, nduguye hupiga ukelele na mchezo hukatika. Aliyekosa somo hilo mtakuja kumfundisha nyinyi, kwa ngozi zenu.

Siku ya kumchukua, ulizeni tarehe aliyozaliwa, tarehe alizopewa dawa ya minyoo, chanjo alizopata na chakula alichozoea. Ombeni pia kitambaa alicholalia na mamake. Kitakuwa na kazi usiku.

Analia usiku kucha. Tunaambiwa tumwache mpaka achoke, tukimfuata atadeka.

Huo ni ushauri wa siku nyingi na mimi siukubali. Huyu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Hadi jana alikuwa ndani ya rundo la miili yenye joto, leo yuko kwenye kona ya chumba kigeni, gizani, wala hakuna harufu hata moja anayoijua. Anamwita mamake. Ukimwacha atanyamaza kweli, kwa kuchoka, na kesho usiku ataiogopa ile kona kuliko jana.

Weka boksi au kizimba chake karibu na kitanda chako, kiasi cha kuweza kunyoosha mkono ukamgusa. Ndani yake tandika kile kitambaa cha kwa mamake. Baada ya usiku kadhaa anza kukisogeza kidogo kidogo kuelekea mahali unapotaka alale siku zote. Kama hutaki mbwa mkubwa kitandani mwako mwaka ujao, usimpandishe leo kwa sababu ni mdogo. Yeye hatajua kwa nini sheria imebadilika.

Kuna na jambo la kibofu. Kadirio linalotumika ni idadi ya miezi yake ukiongeza saa moja: wa miezi miwili anaweza kujizuia kama saa tatu, na hapo ni akijitahidi. Kwa hiyo kilio cha saa nane za usiku huenda ni haja tu. Mtoe nje kimyakimya, bila mchezo wala taa nyingi, akimaliza mrudishe. Lakini kilio kikiambatana na tumbo lililovimba, kuhara au kukataa chakula, hapo si upweke tena. Anaumwa.

Analala mchana kutwa. Ni mgonjwa?

La. Saa 18 hadi 20 kwa siku ni kawaida katika umri huo. Mtazame akiwa macho: akiamka akala, akacheza, akafukuza mkia wake, yuko sawa. Waambieni watoto wasimwamshe. Mbwa anayeshtuliwa usingizini huuma kabla hajajua anamuuma nani.

Ameshachanjwa mara moja. Sasa anaweza kutembea popote?

Bado, na sababu yake inafaa kueleweka, kwa maana watu wengi huishia hapo kwenye sindano ya kwanza wakidhani kazi imekwisha.

Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kwa mamake, hasa kupitia maziwa ya siku za mwanzo. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizima chanjo: zikiiona, huishambulia kabla mwili wake haujajifunza chochote. Hupungua taratibu, na hazipungui kwa kasi moja kwa kila mbwa, hata waliozaliwa tumbo moja. Hakuna ajuaye ni wiki ipi hasa mlango utafunguka. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kisha huja ya kukazia ndani ya mwaka mmoja tangu ile ya mwisho. Zinamkinga na distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo), homa ya ini ya mbwa, na pavo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Daktari wa mifugo wa mahali ulipo ndiye anayejua sheria inataka nini, na kama kuna haja ya kuongeza kinga ya homa ya mgunda, ile inayoenezwa kwa mkojo wa wanyama.

Pavo ndiyo ya kuhofiwa zaidi katika kipindi hiki. Humletea kijibwa kutapika na kuharisha damu, maji yakamwishia mwilini ndani ya siku chache. Virusi vyake ni sugu, hukaa udongoni kwa miezi mingi, na huingia nyumbani kwa soli za viatu bila mbwa mgonjwa kuonekana popote. Kama hapo nyumbani aliwahi kufa mbwa kwa ugonjwa huo, mwambieni daktari kabla ya kumleta mwingine. Sakafu ngumu huoshwa kwanza uchafu wote utoke, kisha hupakwa maji ya klorini, sehemu moja ya dawa ya klorini ya nyumbani kwa sehemu 30 za maji, yakaachwa kwa dakika 10. Udongo hautakasiki kwa njia hiyo.

Je, basi afungiwe ndani hadi wiki ya 16? Hapana, na hapa ndipo watu hukosea upande wa pili. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ubongo wake unapanga kipi ni cha kawaida duniani na kipi ni cha kuogopwa. Asiyeona watu wapya, asiyesikia pikipiki wala vyombo vikianguka, huenda akakua mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Mbebe mikononi mtoke naye. Aone wazee wenye fimbo, watu wenye kofia, watoto wanaokimbia. Acheze na mbwa mnaowajua ambao wamechanjwa. Msimtue chini mahali ambapo mbwa msiowajua huacha kinyesi.

Amenenepa na manyoya yake yanang'aa. Dawa ya minyoo ya nini?

Kwa sababu karibu hakika anayo. Minyoo mviringo ya mbwa ina ujanja wake. Viluwiluwi vyake, yaani minyoo michanga, hulala ndani ya misuli ya mbwa jike kwa muda mrefu bila kumsumbua, dawa za kawaida zisivifikie vizuri. Akishika mimba huamka, na katika wiki za mwisho hupenya kondo la nyuma hadi kwa watoto. Vingine hufuata kupitia maziwa. Kwa hiyo kijibwa anaweza kuzaliwa tayari ana minyoo, hata kama mamake alitunzwa vizuri. Utaratibu unaopendekezwa ni dawa katika wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo hufuata uzito, hivyo mpime kwanza. Dawa ya mbuzi au ng'ombe usimkadirie.

Upande wa watu ni huu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, lakini yakitoka hayajawa na uwezo wa kuambukiza. Huhitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa. Yakishakomaa hudumu udongoni kwa miaka. Hesabu yenyewe inakuonyesha pa kukata mnyororo: kinyesi kikiokotwa kila siku, mayai hayapati nafasi ya kukomaa. Kikiachwa mwezi mzima kikachanganyika na udongo, hakuna tena cha kuokota. Mtoto mdogo anayecheza hapo na kutia vidole mdomoni huyameza, na viluwiluwi hutangatanga mwilini mwake, kwenye ini, mapafu, na mara chache jichoni, ambako vinaweza kuharibu uoni. Minyoo ya safura ya mbwa yenyewe haisubiri kumezwa. Viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu na kuchora mistari myekundu iliyopindapinda, yenye mwasho usiovumilika.

Viroboto nao wasisahauliwe. Mbwa akimeza kiroboto wakati anajikuna kwa meno anaweza kupata tegu, na dawa ya tegu pekee bila kuwamaliza viroboto ni kuteka maji kwa pakacha.

Anapenda kumlamba mtoto usoni. Kuna ubaya?

Mdomo huo umetoka kujisafisha nyuma muda mfupi uliopita, fikiria mwenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya, mate kwenye ngozi nzima si jambo la kukosesha usingizi. Asilambe kidonda, mdomo wala macho, na asimlambe kabisa mtoto mchanga, anayetibiwa saratani, aliyeondolewa bandama au ambaye kinga yake imeshuka. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumchezea na kabla ya kula.

Nina mimba. Nimesikia mbwa huleta ugonjwa unaodhuru mtoto tumboni.

Unaosikia huenda ni toksoplasmosi, ambayo mnyama wake ni paka. Mbwa si chanzo chake. Kazi ya kuokota kinyesi mwachie mwingine ukiweza, la sivyo vaa glavu, na unawe.

Anang'ata mikono, suruali, miguu ya meza. Je, ni mkali?

Ana meno 28 ya utotoni, yanaanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi, na kufikia miezi saba huwa ana 42 ya ukubwani. Fizi zinamwasha. Akiuma, simamisha mchezo, ondoa mkono, mpe kitu chake cha kutafuna. Kumpiga kunamfundisha kwamba mkono ni adui, na siku moja atajihami.

Lakini jino likipasua ngozi, hata kidogo, utani umekwisha. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Udogo wake si kinga ya kichaa cha mbwa, hasa kama hamjui alikotoka wala kama mamake alichanjwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, watu 40 katika kila 100 wakiwa watoto chini ya miaka 15, na hadi 99 katika kila 100 huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, chanjo humwokoa, na imekuwa hivyo tangu mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885. Kidonda kisipakwe pilipili, mafuta wala majivu. Mbwa huangaliwa kwa siku 10 kuona kama ataonyesha dalili za kichaa, ndiyo, lakini matibabu huanza huku akiangaliwa. Hayasubiri.

Watoto wafundishwe mapema kwamba jino likipenya waseme hata kama mbwa atalaumiwa. Wengi huficha kwa kuogopa atafukuzwa.

Ale nini, mara ngapi?

Wiki ya kwanza mpe kilekile alichozoea. Ukitaka kubadilisha, changanya kipya na cha zamani, ukiongeza kipya polepole kwa siku saba. Milo mitatu au minne kwa siku hadi miezi minne, mitatu hadi miezi sita, kisha miwili. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao.

Vifuatavyo visimfikie: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, peremende na ubani wa kutafuna vyenye sukari mbadala ya zailitoli, na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Dawa zenu za maumivu, parasetamoli na ibuprofeni, msimpe hata nusu kidonge.

Anakojoa ndani kila mahali.

Mtoe nje kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Akijisaidia huko msifu papo hapo, si mkisharudi ndani. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi chochote ila kujificha nyuma ya kochi safari ijayo. Mahali alipokojoa pasafishwe vizuri, bila dawa yenye amonia, ambayo kwa pua yake inanukia kama mkojo mwingine.

Ni dalili zipi za kumkimbiza kwa daktari usiku huohuo?

Kutapika mfululizo, kuhara damu, fizi zilizopauka, kupumua kwa taabu, tumbo gumu lililovimba, degedege, kulegea kiasi cha kutoinua kichwa, au kumeza sumu. Msimpime homa kwa kugusa pua. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, ambalo kwa binadamu tungeliita homa. Wale wa jamii zenye umbo dogo wakikosa milo miwili mitatu sukari hushuka haraka, wakatetemeka na kulegea. Mkiwa njiani mpakeni asali kidogo kwenye fizi, msimmiminie kitu kooni.

Bebeni kadi yake ya chanjo, kinyesi kidogo kwenye kopo lenye kifuniko, na kama kuna alichokula asichopaswa, pakiti yake au kilichobaki.